Mshono Namba Saba

Kalangalala, Geita
4 Machi 2024

Kwa Mhariri wa Bango la Mishono,
Shinyanga.

Ndugu Mhariri,

Nimepiga simu ofisini kwako mara mbili. Binti aliyepokea akaniambia mambo ya bango hayasemwi kwa simu: mshono uletwe umechorwa kwenye karatasi, na kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini. Nilidhani adabu hiyo ilikufa siku nilipoondoka Dar.

Mimi ni Euphrasia Masalu, niliyekuwa mhariri wa jarida la Kidani kwa miaka ishirini na miwili. Huenda mama yako alilisoma. Jarida limekufa, nami nimerudi nyumbani Geita, ambako hakuna jarida. Kuna bango lako: mishono ishirini na minne, kila mmoja na namba yake, limebandikwa ukutani kwa kila fundi kuanzia Isaka hadi Katoro. Mwanamke wa huku haelezi tena anachotaka. Ananyoosha kidole: "Nishonee namba kumi na moja." Nilipoliona mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Si ya furaha.

Sasa shida yangu. Binti yangu Violeth anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, tarehe 18 Mei, hapa Geita. Anaolewa na Donatus, kijana wa wanunuzi wa dhahabu wa Katoro. Mama yake alinitazama mbele ya wazee akaniuliza, "Sisi tunakuja mia tatu. Ninyi wa Dar mtajaza hata meza mbili?" Nikacheka kama wanavyocheka watu waliotukanwa.

Ndani ya bahasha kuna mchoro wa gauni la Violeth. Sikuombi ulitoe. Nakuomba ulizuie. Najua mafundi wanakuletea kila wanachokiona kwa mteja. Hili lina mwenyewe, na siku hiyo asilivae mwingine.

Nijibu kwa maandishi.

Euphrasia Masalu


Shinyanga
9 Machi 2024

Mama Violeth, shikamoo.

Shikamoo hiyo ni ya umri wako, usiipokee kwa zaidi ya hapo.

Mama yangu hakusoma Kidani. Hakujua kusoma. Aliangalia picha tu, na kuna moja aliiangalia mpaka akafa. Nakukumbusha.

Mwaka 2006 ulikuja Mwakitolyo na gari jeupe, mpiga picha mmoja na wasichana wawili wembamba wa Dar. Ulitaka picha za nguo nzuri juu ya kifusi cha machimbo. Msichana wa kwanza akazimia kwa jua, wa pili akagoma kushuka garini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nauza vitenge kichwani kati ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kushona chini ya turubai. Ukanisimamisha: "Wewe, hiyo nguo kakushonea nani?" Nikasema nimejishonea. Bega la kushoto nilikuwa nimelipandisha kama bawa la kuku anayekinga vifaranga. Kiunoni nilijifunga mkanda wa mpira uliokatika kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe. Ukanipandisha kwenye kifusi saa nzima.

Toleo lilipotoka nilinunua nakala kumi na mbili, nikampa mama ya kwanza. Nikamfungulia ukurasa wa thelathini na moja. Akalitazama, akaligeuza juu chini, akalitazama tena. "Yasmini, wewe uko wapi hapa?" Nikamwonyesha mikono yangu, bega, mkanda. Shingo ilipoanza, karatasi ikaisha. Chini pameandikwa kwamba mbunifu ni chumba cha ushonaji cha Kidani, Dar es Salaam.

Mama akasema, "Kuku hukatwa kichwa, lakini angalau analiwa." Hakuamini kwamba ni mimi. Amekufa akijua ana binti mwongo. Nakala kumi na moja zilizobaki nilizigawa, na Mwakitolyo nzima ikaniita Kiwiliwili mpaka nikahama.

Leo natoa mabango elfu tatu kwa mwaka. Mishono ishirini na minne, wanawake ishirini na wanne, na kila mmoja ana kichwa chake. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ofisi hii. Hukujua kwa nini, sasa unajua.

Nimeutazama mchoro wako. Bega la kushoto ni langu.

Nataka kitu kimoja. Sentensi moja, kwa mkono wako, na sahihi: "Mshono ule wa Mwakitolyo ulikuwa wa Yasmini Akida." Ukiiandika, gauni la Violeth litalala kwenye droo yangu mpaka aolewe, azae, awe bibi. Usipoiandika, sikuahidi kitu.

Yasmini Akida
(Mama Raudha)


Kalangalala
15 Machi 2024

Yasmini,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, mazoea tu. Ungeweza kuifupisha kwa nusu na kuku wote wawili ukawatoa.

Mwakitolyo nakumbuka vumbi. Wewe sikukumbuki. Kwa miaka ile nilisimamisha wasichana wengi mbele ya kamera, na kila mmoja alirudi kwao akiamini dunia ilisimama pamoja naye. Kuhusu kichwa: ukurasa una mwisho, binti yangu. Kichwa hakikuenea. Msomaji wa Kidani alitaka kuona nguo. Hakutaka kujua nguo hiyo inalala wapi na inanuka nini.

Na bega si lako. Bega ni la Mungu, kila mtu kampa mawili.

Sentensi siiandiki. Mimi nilisahihisha sentensi za watu, sikuandikishwa sentensi kama mtoto aliyechelewa namba. Lizuie gauni kwa kuwa ni haki ya mwenyewe. Ukishindwa, nitajua kwamba Shinyanga kuna mchapaji wa mabango, mhariri bado hajazaliwa.

E. Masalu


Shinyanga
20 Machi 2024

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Nimelala nikaamka, na hasira imekwisha. Maneno yako ni makali, ila mwalimu akikuchapa amekutambua. Kweli, ukurasa una mwisho. Hata mimi kila mwaka nakata.

Gauni la Violeth nitalizuia. Ili nilizuie sawasawa inabidi nilijue kuliko fundi yeyote. Mtu anaweza kubadilisha shingo kidogo akaniletea, nikalipitisha bila kujua. Kwa hiyo nisaidie: kitambaa umekinunua duka gani na kina alama gani pembeni? Mgongoni likoje? Kiuno kinaanzia wapi? Na kama unayo karatasi ya kukatia, nitaitunza mwenyewe.

Nikutakie maandalizi mema. Wageni wa upande wako ni wengi?

Mwanao,
Yasmini


Kalangalala
26 Machi 2024

Yasmini,

Afadhali. Nilijua u mtu wa kazi.

Kitambaa ni bluu ya wino yenye matone ya dhahabu. Alama ya pembeni nimekukatia na kuibana hapa. Mchoro wa mgongoni upo. Karatasi za kukatia nimeziweka zote, kuanzia mwanamke mwembamba hadi mnene. Violeth ni mwembamba, lakini mtu anayezuia wizi ajue na mwizi mnene anaiba vipi.

Umeuliza wageni. Nimepeleka kadi kwa Kalangalala nzima. Sijui nani atakuja. Tangu nirudi sijahudhuria sherehe ya mtu hapa, na kwenye nyumba mbili za misiba nilimtuma mtoto wa jirani apeleke rambirambi. Huku watu wanakumbuka hayo. Wananijibu, "Tutaangalia."

Narudia: asilivae mwingine.

Euphrasia


Shinyanga
2 Aprili 2024

Salome fundi wangu,

Mwangaluka. Wazima hapo Kalangalala? Mgongo unaendeleaje?

Mzigo huu usiufungulie barazani. Bango la mwaka huu linatoka mapema, na Geita inapata kwanza: mabango mia nne. Wagawie mafundi wote, mtundike siku moja, tarehe 15. Namba saba ndiyo nataka iende. Karatasi za kukatia nimetoa nakala, kila fundi apate seti nzima, asisingizie kwamba hajui kukata bega lile.

Kitambaa chenyewe nilikisaka mpaka nikakipata kwenye shehena ya mtu iliyokwama Isaka, ikiwa njiani kwenda Kigali. Nimechukua marobota arobaini. Wauzieni kwa bei niliyonunulia. Mwaka huu kwenye namba saba sitafuti faida, na wewe unanijua, ujue basi nina sababu.

Gauni hilo ni la Violeth wa Mama Euphrasia, la sendofu ya tarehe 18 Mei. Huyo mama aliwahi kunikata kichwa. Nataka aingie ukumbini na binti yake aliyempamba peke yake duniani, amkute yuleyule kwenye kila kiti: anayepika, anayeosha sahani, anayeuza karanga mlangoni. Kila atakayekuja kushona namba saba mwambie kuna sherehe ya kuivalia. Kadi wanazo. Wawahi wakae mbele.

Yasmini


Kalangalala
12 Mei 2024

Mama Raudha, wabeja, asante sana!

Cherehani yangu imekufa mara mbili ndani ya mwezi. Kwangu nimeshona namba saba thelathini na nane, na tukijumlisha mafundi wote wa kata hii tumevuka mia mbili. Mpaka Eunice wa vitumbua kashona. Alipokuja kujaribu akajizungusha hapa akasema, "Huyu Euphrasia aliniambia mlangoni mwa kanisa kwamba gauni langu limefanana na pazia la hospitali. Haya, Jumamosi pazia linakwenda kukaa meza ya mbele!" Tukacheka, Lusia anayejifunza kushona kwangu akaangusha pasi.

Watu ambao walikuwa wamesema hawaendi, sasa wanaulizana ukumbi unafunguliwa saa ngapi. Hakuna anayekwenda kwa mapenzi. Wanakwenda kuona uso wa mama yule. Pantaleo, mshereheshaji, kashaombwa atangaze: "Bibi harusi asimame tumtambue!"

Ila nikwambie kitu, usinikasirikie. Yule Violeth hana neno na mtu. Juzi alipita hapa kununua uzi mweupe. Akaliona bango. Nilitaka ardhi inimeze, maana namba saba iko usawa wa macho. Aliisoma, akacheka kidogo, akaniambia, "Dada Salome, shona haraka, siku zimebaki chache." Akaondoka.

Kicheko kile sijakielewa mpaka leo.

Salome


Kalangalala
21 Mei 2024

Yasmini,

Najua Salome amekwisha kukusimulia, lakini fundi husimulia nguo. Mimi nikusimulie tukio.

Walikuja. Kalangalala nzima, Yasmini, wanawake mia mbili na kumi na sita. Nilimweka mpwa wangu mlangoni ahesabu. Walikaa mbele wakiwa wamekaza midomo, wameshiba kicheko wanasubiri kukitapika. Wote bluu, wote bega juu. Kisha Violeth akaingia na gauni jeupe lisilo na ua, lisilo na shanga, bega lake limelala kama mabega ya watu wote. Nilimshonea mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa uzi mweupe. Katikati ya bluu ile alionekana kama taa iliyowashwa.

Kicheko kikawakwama. Ukimkuta mtu mmoja kavaa sawa na bibi harusi, unamcheka. Ukikuta mia mbili wamevaa sawa, na bibi harusi kavaa kivyake, hiyo inaitwa sare. Huku wewe unajua zaidi yangu: sare haivaliwi kwa mtu usiyempenda. Mtu akikuchukia hukuambia kitambaa kimeisha. Watu wa Katoro walipoingia mia tatu yao, huyu kijani, huyu zambarau, wakasimama mlangoni. Mama Donatus akamuuliza Pantaleo, "Hawa wote ni wa Mama Violeth?" Pantaleo akasema, "Ndiyo." Yule mama alinishika mkono akanipigia goti. Eunice wako wa vitumbua, alipoona amepewa heshima ya mama mdogo wa bibi harusi, akasimama akapiga vigelegele vya kweli. Wakamfuata wote. Waliokuja kunizika wakanicheza.

Ningetangaza sare mimi, nani angeshona? Umeshasoma jibu kwenye barua yangu: "Tutaangalia." Nilihitaji mtu mwenye kila ukuta wa fundi mkononi mwake, na mwenye sababu ya kunichukia. Bega lako niliweka makusudi. Mtu anaweza kupuuza tusi, hapuuzi bega lake. Karatasi za kukatia nilikupa za saizi zote. Hukujiuliza? Nilikwambia mara mbili "asilivae mwingine" maana nilihofu huenda umekuwa mtu mwema.

Kwa hiyo ndiyo, nilikukumbuka tangu siku ya kwanza nilipolisoma jina lako chini ya bango. Na kwa kuwa umenivalishia wageni wangu kwa bei ya kununulia, nisife na deni lako. Sentensi yako hii hapa: Mshono ule wa Mwakitolyo ulikuwa wa Yasmini Akida. Euphrasia Masalu. Haya. Umeona ilivyo nyepesi? Ndicho ulichokililia miaka kumi na minane.

Na kichwa chako nakirudishia. Picha nzima imo ndani ya bahasha ya ofisi ya Kidani, nimempa kondakta pamoja na barua hii. Gundi yake sijaibandua tangu siku niliyoifunga. Utaona kwa nini nilikata. Ulikuwa umefumba macho. Hakukuwa na chuki yoyote, Yasmini. Ulipepesa, basi. Umejenga nyumba nzima ya hasira juu ya kupepesa.

Violeth anakusalimu.

Euphrasia


Shinyanga
10 Februari 2025

Mama Violeth, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa kazini.

Mwezi Mei barua yako ilinilaza chini siku mbili. Raudha wangu aliniletea uji akaurudisha. Nilipiga hesabu yangu upya na kila nilipojumlisha ulikuwa umeshinda: watu wangu, kitambaa changu, bango langu, sherehe yako. Wanaonisifu namba saba mpaka leo wananiambia, "Mama Raudha, unampenda sana yule mama wa Kalangalala." Nawaitikia.

Siku ya tatu nikafungua bahasha ya ofisi. Gundi ilikuwa haijabanduliwa, hapo hukudanganya.

Macho yangu yako wazi.

Yako wazi kabisa, mama. Yanakutazama wewe uliyesimama kando ya mpiga picha. Nacheka, jino la pembeni linaonekana. Juu ya kichwa changu pana nafasi ya kuenea kichwa kingine. Na shingoni pamepita mstari wa penseli, umenyooka, wa rula. Kwanza ulisema ukurasa haukutosha. Kisha ukasema nilifumba. Nadhani hilo la pili uliliamini mwenyewe, la sivyo usingeileta. Uliikata, ukaifunga, ukajitungia sababu, na hukuitazama tena. Miaka kumi na minane nilikuwa nakuchukia, na wewe hukunitazama hata mara moja.

Niliipeleka Mwakitolyo kwenye kaburi la mama. Nikaisimamisha kwenye jiwe, nikakaa nayo mpaka jua likageuka.

Sasa nikufundishe jambo la machimboni. Mawe yakishasagwa na dhahabu ikatolewa, mchanga unaobaki tunauita marudio. Mgeni anadhani ni taka. Sisi hatuutupi, tunaurudia. Kuna watu wamejenga nyumba kwa marudio ya wenzao. Wewe sentensi yangu uliitupa kama mfupa, umeshashiba, huna kazi nayo. Ulisahau unamtupia mtu mwenye mashine ya kuchapa.

Bango la mwaka huu liko ndani, ulifungue taratibu. Namba moja ni mimi, Mwakitolyo, miaka kumi na tisa, bega na mkanda na kichwa. Chini yake nimechapa sentensi yako kama ilivyo, kwa mwandiko wako, na sahihi yako. Mabango elfu tatu na mia tano. Kuanzia Isaka hadi Katoro mwanamke akija kwa fundi ataisoma kabla hajapimwa kifua. Mama Donatus kwa fundi wake nimepeleka mawili.

Sheria yangu ya kwanza unaikumbuka: kila mwanamke wa bango ana kichwa chake. Mwaka huu nimeivunja mara moja. Namba ishirini na nne ni picha aliyoipiga Salome kwenye sendofu, wewe umesimama mlangoni, mkono wako uko mikononi mwa Mama Donatus. Gauni la hariri ya rangi ya maziwa, mikono mirefu, lanyooka vizuri, halina kosa. Wateja watalipenda. Kila fundi ataulizwa huyu ni nani, naye atasema hajui.

Ukurasa una mwisho, mama. Kichwa hakikuenea.

Yasmini Akida
Mhariri